Nani Alimwangusha Kinjeketile?

MWALIMU: Naanza na hoja ambayo najua haitawapendeza. Kinjeketile, mganga wa Vita vya Maji Maji katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein, hakuangushwa na utabiri. Utabiri ndio uliomwinua. Kabla hajazama mtoni, Mmatumbi alichapwa viboko kwenye pamba ya akida wake, Mngindo kwenye ya akida wake, Mzaramo vivyo hivyo, na kila mmoja alidhani kilio kile ni chake peke yake. Alipoibuka na neno la Hongo, pepo wa mtoni, watu hao wakaanza kuitana ndugu. Hakuna jumbe wala sultani aliyewahi kulifanya hilo. Kilichomwangusha ni bombomu, bunduki ya rashasha ya Mjerumani. Tusimtwishe mtabiri dhambi ya mwenye bunduki.

MWANAFUNZI: Bombomu ilikuwepo kabla ya utabiri, Mwalimu. Watu waliijua, ndiyo maana waliogopa. Utabiri haukuiondoa bunduki, uliondoa woga. Na kwa mtu asiye na silaha, woga huweza kuwa kinga pekee aliyonayo. Anayeogopa risasi hungoja usiku, hujibanza nyuma ya mti. Aliyeambiwa risasi itageuka maji hutembea wima. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, watu waliliendea boma makundi kwa makundi, wakafyekwa kwa mamia. Nani aliwaambia watembee wima?

BIBI: Mimi si mtu wa vitabu, lakini mchezo wenu nimeutazama mkiufanyia mazoezi. Nami nimezaliwa hapa Newala, juu ya uwanda ambao mito yake yote iko chini. Mama zetu waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda na maji kichwani jua limeshakuwa kali. Mpaka leo nyumba yangu inategemea kisima cha maji ya mvua kilichochimbwa uani. Mtu wa hapa ukimwahidi maji hashangilii kwanza. Anauliza: yako wapi, yatatosha watu wangapi, na kiangazi kikikaza itakuwaje? Katika mchezo wote ule nasikia watu wakiimba na kushangilia. Hayo maswali siyasikii.

MWONGOZAJI: Kitunda anafikiri, Bibi. Yeye ni jemadari, anataka watu wafunzwe vita. Lakini kabla hatujagawa makosa, mimi kama mwongozaji nataka kujua kwanza neno limetoka kinywani mwa nani. Katika Mfalme Edipode, tamthiliya ya Sophocles aliyotutafsiria Samuel Mushi mwaka 1971, mtu anaambiwa na wengine kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Anakimbia, na kule kukimbia ndiko kunakomfikisha. Katika Makbeth, nayo kazi ya Mushi, ya mwaka 1968, wachawi watatu wanamwambia jemadari kwamba atakuwa mfalme. Kaizari, ambaye Mwalimu Nyerere alimleta kwetu mwaka 1963 na kumrudia mwaka 1969, anaonywa na mtabiri ajihadhari na tarehe 15 Machi, naye anapuuza. Wote watatu wanaambiwa na mtu mwingine. Kinjeketile ndiye shujaa na ndiye mtabiri. Hana wa kumkimbia, hana wa kumpuuza.

MWALIMU: Nakubali, na hilo linanipa nguvu. Hakuna mchawi aliyemwagiza Makbeth amchome Duncan kisu usingizini. Aliongeza mwenyewe, kwa tamaa. Kaizari alikuwa na majivuno, aliona aibu kubaki nyumbani kwa sababu ya ndoto ya mke. Edipode alikuwa mwepesi wa hasira, alimuua mzee njiapanda kwa ugomvi wa kupishana. Aristotle alifundisha kwamba shujaa wa tanzia huanguka kwa kosa lake, si kwa uovu wake. Basi nionyesheni kosa la Kinjeketile. Hakutaka kiti. Hakutaka mali. Alitaka watu wake wawe kitu kimoja.

MWANAFUNZI: Nitakuonyesha. Akiwa amepagawa, anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye, akili zikimrudia, analisikia upya neno lile na anashtuka. Ina maana kumtoa Mjerumani ni kumrudisha Sultani wa Unguja? Huyo aliyesema kupitia kinywa chake ni nani hasa? Kuanzia hapo Kinjeketile anajua kwamba hana hakika. Edipode akishajua, anajitoboa macho na mchezo umekwisha. Kinjeketile anajua mchezo ukiwa katikati, na vita haijaanza. Alikuwa na muda wa kusema. Akasema nini? Subirini.

MWALIMU: Subirini si neno dogo kwa watu wanaotaka kupigana kesho. Alijaribu kuwazuia.

BIBI: Aliwazuia bila kuwapa sababu. Mchezo wenyewe unaanza na wanawake wanaozungumzia njaa. Mwenye njaa ukimwambia asubiri, mpe na sababu yake, la sivyo atajitafutia mwenyewe. Watu wale walijitafutia. Walidhani mganga anapima ujasiri wao.

MWALIMU: Na sababu angeisemaje, Bibi? Akisimama mbele ya kadamnasi na kusema "sina hakika tena," Mmatumbi anarudi kwao, Mngindo anarudi kwao, na akida anawakuta mmoja mmoja kama zamani, safari hii akiwa amekwisha kujua walichopanga. Umoja ule ulishikiliwa na neno moja. Ukilitoa, hakuna kitu.

MWANAFUNZI: Kama umoja wa maelfu unasimama kwa sharti kwamba mtu mmoja asiseme anachokijua, basi umoja huo ulikuwa umekwisha kuanguka kabla ya Mjerumani kufyatua risasi.

MWALIMU: Unasema hivyo ukiwa umekaa chini ya bendera. Wale hawakuwa na chama, hawakuwa na gazeti, hawakuwa na lugha moja ya mkutanoni. Walikuwa na mizimu wanayoiamini wote. Kinjeketile alitumia kilichokuwepo.

MWONGOZAJI: Naomba tuwaangalie na wasikilizaji, maana mpaka hapa tunamhukumu msemaji peke yake. Katika historia habari za maji ya dawa zilisambaa kwa mnong'ono, njwiywila, mtu akimwambia anayemwamini. Neno la namna hiyo halina baraza la kulihoji. Ukiliuliza hadharani, umeisaliti siri. Halafu dawa ilikuja na miko. Usiibe vitani, usilale na mwanamke, usifanye hiki na kile. Risasi ilipompata mtu, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko.

BIBI: Hapo pananiuma kuliko pote. Utabiri ukitimia, sifa kwa mtabiri. Usipotimia, kosa la marehemu. Utabiri wa aina hiyo hauwezi kushindwa hata wakifa wote.

MWONGOZAJI: Na si wa Umatumbi tu. Kule Afrika Kusini, mwaka 1856, binti wa Kixhosa aitwaye Nongqawuse alieleza kwamba wahenga watafufuka na Wazungu watafutika iwapo watu watachinja ng'ombe wao wote na kuteketeza nafaka. Siku iliyotajwa ilipopita bila kitu, waumini waliwalaumu waliokataa kuchinja. Njaa ikaua makumi ya maelfu. Mwandishi H.I.E. Dhlomo aliliweka jambo hilo jukwaani katika tamthiliya ya mwaka 1936. Kila penye utabiri ulioshindwa hutafutwa mtu aliyeuharibu.

MWALIMU: Hata majeshi yenye mizinga hufanya hivyo. Vita vikishindwa, wakubwa husema amri hazikufuatwa. Msiwafanye wazee wetu wajinga. Katikati ya Agosti 1905 boma la Liwale lilianguka mikononi mwa wapiganaji. Mtu aliyeiona bendera ya Mjerumani ikishuka alikuwa na haki ya kusema maji yanafanya kazi. Waliamini kwa sababu, kwa muda ule, waliyoyaona yalikubaliana na waliyoambiwa.

MWANAFUNZI: Mwalimu, umehama. Mwanzo ulisema kilichomwangusha ni bombomu. Sasa unasema watu walikuwa na sababu nzuri za kuamini kitu kisicho kweli. Hilo la pili ndilo tanzia yenyewe. Kama wangekuwa wajinga tungewahurumia na kwenda zetu. Walikuwa werevu, walitazama, walipima kwa kipimo walichokuwa nacho, na bado wakafa.

MWALIMU: Sijahama. Nasema kuamini kwao si kosa, na kuwaaminisha si kosa. Kosa liko kwa aliyewaletea shamba la kulazimishwa na kodi ya kichwa.

MWONGOZAJI: Kuna jambo la historia ambalo hatuwezi kuliruka. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, yule wa kweli, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Miche ya pamba iling'olewa Nandete, ishara ya kuanza vita, mwishoni mwa Julai. Vita ilikuwa na siku chache tu. Hakuiona Liwale ikianguka wala hakuiona Mahenge. Hussein ndiye aliyemwacha hai jukwaani mpaka mwisho, ili ayaone matunda ya neno lake. Na alitahadharisha wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya yule wa Ngarambe.

BIBI: Basi mwanangu, mmemwonea marehemu. Mnamshtaki kwa vifo vilivyotokea yeye akiwa kaburini.

MWONGOZAJI: Bila hivyo hakuna tanzia, Bibi. Mtabiri anayenyongwa wiki ya kwanza hufa akiwa na imani yake yote. Huyo ni shahidi wa imani. Shujaa wa tanzia sharti aishi kiasi cha kutosha kuona alichokifanya. Historia ilimnyima Kinjeketile nafasi hiyo, Hussein akampa. Ni zawadi mbaya, lakini ndiyo inayomfanya awe mkubwa kuliko mhusika wa gwaride.

MWANAFUNZI: Zawadi hiyo ina gharama yake. Jukwaani, vita nzima inakuwa swali la moyo wa mtu mmoja: anaamini au haamini? Lakini vita halisi iliendelea bila yeye mpaka mwaka 1907, ikaingia Ungoni, ikafika Masasi. Watu waliibeba wenyewe. Wajumbe wengine walitengeneza dawa yao, wakaweka masharti yao. Utabiri haukuwa tena mali ya Kinjeketile. Sasa tukiuliza nani alimwangusha, huenda tunauliza habari za mtu mdogo katika jambo kubwa.

BIBI: Umetaja Masasi, mjukuu wangu, ukaishia hapo. Na huku juu je? Mbona hatutajwi?

MWALIMU: Kwa sababu yaliyotokea huku hayaimbwi, Bibi. Mwishoni mwa Agosti 1905 misheni ya Waanglikana ya Masasi ilivamiwa, na zile za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao vilevile. Huku uwandani, chifu Nakaam wa Chitangali alisimama upande wa Mjerumani. Nani aandike tamthiliya kuhusu mtu aliyechagua upande wa mwenye nguvu?

BIBI: Nakaam alikataa maji, na watu wake hawakutembea wima mbele ya bombomu. Kwangu hiyo ni habari ya kusimuliwa.

MWALIMU: Usimvike hekima asiyokuwa nayo. Hakuna anayetuambia kwamba alikataa baada ya kuuliza yale maswali yako ya maji yako wapi. Huenda alihesabu tu nani atashinda. Na kumbuka kwamba uwanda huu ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Machemba, kiongozi wa Wayao wa Luagala, alimwandikia Mjerumani Wissmann mwaka 1890, kwa Kiswahili, kwamba haoni sababu ya kumtii wala ya kwenda kumwona. Alipambana miaka mingi, na mwaka 1899 akavuka Ruvuma kuingia upande wa Mreno. Miaka sita baadaye maji yanapofika, mwenye uthubutu ameshaondoka.

MWANAFUNZI: Lakini Mwalimu, Machemba alipigana bila utabiri wowote. Barua yake haina mizimu. Ina mtu anayesema simo chini yako, kama unataka njoo. Huoni kwamba hoja yako ya kuwa wazee wetu hawakuwa na kitu kingine cha kushika isipokuwa mizimu inaanguka hapa hapa kwetu?

MWALIMU: Machemba alishindwa.

MWANAFUNZI: Na Kinjeketile naye alishindwa. Tofauti ni kwamba waliomfuata Machemba walijua wanachokwenda kukutana nacho.

MWALIMU: Tofauti nyingine ni kwamba Machemba alipigana na Wayao wake. Kinjeketile alivusha watu mipaka ya makabila. Hilo la kwanza halitishi dola. Hilo la pili lilimtisha Gavana Götzen kiasi cha kuchoma vijiji na maghala ya chakula. Mwaka 1956 Nyerere alisimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa akaitaja vita hiyo kuwa ushahidi kwamba watu wetu hawakuwahi kuikubali haki ya mgeni kuwatawala. Hapo ndipo ninaposema tusome upya onyesho la mwisho. Kinjeketile yuko kifungoni, ametakiwa atamke kwamba maji ni uongo. Anakataa, kwa sababu anajua kesho watoto wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Alikuwa sahihi. Miaka 51 baada ya vita kuanza, neno likafika New York.

MWANAFUNZI: Kilichofika New York ni haki ya kupigana. Maji hayakufika. Nyerere hakumwambia mtu risasi haitampata, tena alichagua njia isiyo na risasi kabisa. Inamaanisha mambo mawili yale yaliweza kutenganishwa: maji ni uongo, vita ni haki. Ni sentensi mbili tu. Kwa nini Kinjeketile asizitamke zote?

MWALIMU: Kwa sababu ofisa angeandika moja.

MWONGOZAJI: Hapo Mwalimu amenikamata. Nilikuwa nimefikiria kumfanya Kinjeketile anyamaze kwa kiburi, kama mtu asiyetaka kukubali kwamba alikosea. Lakini kama anajua kalamu iko mkononi mwa nani, kukataa kwake ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Nitahitaji mwigizaji anayeweza kuonyesha yote mawili, mtu aliyekosea na mtu anayekataa kumkabidhi adui kosa lake.

BIBI: Nyinyi mnazungumza kana kwamba ndani ya nchi kulikuwa na masikio mawili, la ofisa na la watoto watakaozaliwa. Waliokufa ni wangapi?

MWALIMU: Wajerumani walikadiria 75,000. Wanahistoria wengine wanafikisha 300,000. Wengi wao kwa njaa, baada ya mashamba kuchomwa.

BIBI: Basi kuna masikio ya waliobaki. Wanawake walioanza mchezo kwa kulia njaa wanaishia kwenye njaa kubwa zaidi. Ofisa anataka neno lile kwa faida yake, sawa, anyimwe. Watoto wa kesho wanataka ushujaa, sawa, wapewe. Na wale wa leo wapewe nini?

MWANAFUNZI: Mimi ndiye ninayeigiza Kitunda, na katika chumba kile niko naye. Nimeongoza watu, nimewazika, nimerudi. Kila mara tukifanya mazoezi nasubiri aniambie mimi, si ofisa. Akininyima mimi ukweli kwa kumwogopa ofisa, basi hata kifungoni anaendelea kunitabiria.

MWALIMU: Kuta zile zina masikio. Atakachokwambia wewe, mlinzi mlangoni atakisikia.

MWANAFUNZI: Basi aninong'oneze. Maji yalisambaa kwa mnong'ono kutoka Ngarambe hadi nchi nzima ya kusini, na kwa muda mrefu Mjerumani hakujua kinachosemwa. Njia ile ile ingeweza kubeba na hili.

MWALIMU: Ahadi hubebwa haraka kwa sababu kila anayeipokea anataka kuipitisha. Habari kwamba mumeo au kaka yako alikufa kwa dawa isiyokuwa dawa, nani angekubali kuipokea, akaifikisha kwa jirani?

BIBI: Wajane. Wangeipokea mara moja na kuifikisha mbali. Wao ndio walioambiwa kwamba waume zao walipigwa risasi kwa sababu waliiba vitani au walilala na wanawake njiani. Kinjeketile akikiri kwamba dawa haikuwa na nguvu, maana yake hakuna marehemu hata mmoja aliyevunja mwiko. Wewe unalinda heshima ya vita, Mwalimu, na sikukatazi. Mimi nauliza nani atawarudishia heshima yao wale waliosingiziwa wakiwa wamekwisha kufa, kama mtu pekee anayeweza kuwasafisha ameamua kufa akiwa amefunga mdomo.